Folda zilizofifia zimejitokeza kwenye C: na diski imejaa. Ipi inaguswa, ipi haiguswi?

Katibu wa Ujiji

Habari za humu wakuu. Naomba msaada wa kompyuta ya nyumbani. Anayejua anieleze taratibu, anayebahatisha nitamshukuru akipita kimya kimya.

Mashine ni ya mezani, ya mtumba, Windows 10, RAM GB 8, SSD ya GB 128 ambayo yenyewe inajiita 119. Ndani natunza hesabu za kikoba chetu, nani ana hisa ngapi, nani kakopa, nani anakwepa vikao, pamoja na daftari la madumu ya mawese ninayopeleka Tabora kwa treni. Vyote hivyo nikivipima havifiki GB 2. Lakini mstari wa C: umekuwa mwekundu, imebaki GB 3 na kidogo, na juzi Excel iligoma kusevu wanachama wakiwa wamenikalia mbele na hela mkononi.

Mwanangu yuko likizo. Akaniambia mama ngoja nikutafutie nafasi, akaingia kwenye View, akagusa tiki hizi na zile, akasema "umeona, vitu vyote hivi vilikuwa vimejificha", kisha akaenda zake mpirani. Tangu hapo kila nikifungua C: nakuta folda zimepauka rangi: $Recycle.Bin, $WinREAgent, Documents and Settings, ProgramData, Recovery, System Volume Information. Kuna na mafaili matatu, hiberfil.sys ya kama GB 3.1, pagefile.sys ya GB 4 na ushee, na swapfile.sys ambayo ni ndogo. Hata kwenye uso wa kompyuta yamezuka mafaili mawili yenye jina lile lile, desktop.ini. Nimefungua moja nikakuta maandishi yanaanza na [.ShellClassInfo], nikafunga haraka.

Nikibofya Documents and Settings naambiwa "Access is denied". System Volume Information, vivyo hivyo. Mashine nimenunua kwa hela yangu, iko sebuleni kwangu, nani ananikatalia?

Jirani kasema ni kirusi. Fundi mmoja wa steshenari kasema ilete nifomati, elfu ishirini. Nilipomuuliza hesabu za kikoba zitakuwaje akasema "tutaona". Mimi mtu wa tutaona simpi mashine.

Halafu hiyo System Volume Information ipo hata kwenye flashi yangu ya nyimbo za kaswida. Nikiichomeka kwenye sabufa inatokea kwenye orodha ya folda. Kwenye flashi niliwahi kuifungua vizuri tu, kwenye C: inakataa. Kwa nini?

MzeeWaFomati

Fomati tu dada, weka Windows mpya, maisha yaendelee. Kuchunguza folda moja moja ni kupoteza muda.

Fundi Mwanga

Shikamoo mama. Nina meza yangu ya ufundi hapa Mwanga na swali hili naletewa sana, mara nyingi mtu akiwa ameshafuta. Wewe umeuliza kwanza, kwa hiyo kazi ni nyepesi. Mzee wa Fomati tunamheshimu, ila leo apumzike.

Kwa dalili ulizotaja hakuna kirusi. Hivyo vitu ni vya Windows yenyewe, mwanao amefunua tu. Kinachochanganya watu ni kwamba humo kuna mambo matatu tofauti na wote tunayatia kapu moja.

La kwanza ni alama ya kufichwa, herufi H. Faili au folda yenye H haionekani mpaka uweke tiki kwenye Hidden items pale View. ProgramData iko kundi hili, na AppData iliyo ndani ya folda yako ya Users. La pili ni alama ya mfumo, herufi S. Kitu chenye H na S kwa pamoja hakionekani hata ukiweka tiki ile. Mpaka uingie Folder Options, kichupo cha View, uondoe tiki kwenye mstari unaosema Hide protected operating system files. Ukiiondoa Windows inaleta dirisha la onyo, inauliza Yes au No. Mwanao alibonyeza Yes, na ushahidi ni hizo desktop.ini mbili. Moja ni ya kwako, nyingine ni ya folda ya Public inayochangiwa na watumiaji wote, uso wa kompyuta unazionyesha pamoja. Kazi yake ni kukumbuka jina na ikoni ya folda, basi.

H na S ni pazia. Ukilisogeza unaona, na ukiwa na ruhusa unaweza hata kufuta, ndiyo maana kufunua ovyo si kuzuri. Kufuli ni hilo jambo la tatu, ruhusa. Diski ya C: imefomatiwa kwa NTFS, yaani mpangilio ambao Windows inautumia kutunza mafaili, na kwenye NTFS kila folda ina mwenyewe na ina orodha ya nani anaruhusiwa kufanya nini. Mafaili mengi ya Windows mwenyewe si wewe wala msimamizi wa mashine, ni akaunti ya ndani inayoitwa TrustedInstaller. Imekuwa hivyo tangu Windows Vista. System Volume Information inafunguliwa na akaunti ya SYSTEM peke yake. Hapo ndipo unapokataliwa, na hujakosea kitu. Flashi nyingi ziko kwenye FAT32 au exFAT, na fomati hizo hazina orodha ya ruhusa kabisa. Folda ni ile ile, ila kule hakuna pa kuning'iniza kufuli, ndiyo maana uliifungua.

Documents and Settings ndiyo inayotisha watu kuliko zote, na ndani yake hamna kitu. Enzi za Windows 2000 na XP folda za watumiaji zilikaa chini ya jina hilo. Vista ilipokuja ikahamishia Users. Sasa kulikuwa na programu za zamani zilizozoea kuandika kwenye jina la zamani, kwa hiyo wakaacha kielekezi: programu ikiuliza Documents and Settings inapelekwa Users bila kujua. Ukiangalia ikoni yake utaona kishale kidogo. Imezuiwa kuorodheshwa kwa makusudi, ili programu ya kutafuta au kukopi isipite mle na kuhesabu vitu vile vile mara mbili. Usije ukatafuta kwenye YouTube namna ya "take ownership" ili uifungue. Nimeshaletewa mashine iliyofanyiwa hivyo kuanzia C: yote, menyu ya Start ikawa haifunguki.

Nyingine kwa haraka. Recovery na $WinREAgent zinahusu mazingira ya kuiokoa Windows ikishindwa kuwaka, ziache. ProgramData ina data ya programu zako zote, iache. swapfile.sys ni megabaiti chache, sahau. Kuna nyingine hujaitaja lakini utaiona siku ukizama, C:\Windows\Installer. Watu wanaiona ina magigabaiti wanaifuta, halafu siku ya kuondoa programu au kuiapdeti, inadai faili ambalo halipo tena.

pagefile.sys ni mahali Windows inapomwaga vitu RAM ikizidiwa. Ukiwa na GB 8 na Chrome ya kijana wa likizo, unaihitaji.

hiberfil.sys ndiyo pekee ningeigusa kwako. Ni nakala ya kilichomo kwenye RAM, kwa ajili ya kulaza mashine na ule uwashaji wa haraka. Kwa kawaida Windows 10 inaitengea kama asilimia 40 ya RAM, na ya kwako inalingana kabisa. Laptopu nisingemshauri mtu aipunguze, kwa sababu betri ikikaribia kuisha inajilaza humo na kazi yako inabaki. Ya mezani bila UPS (ile betri ya akiba), umeme ukikatika umekatika, hiberfil haiwahi kukusaidia. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandika amri, kama msimamizi (Run as administrator), andika:

powercfg /h /type reduced

Itashuka hadi asilimia 20 na uwashaji wa haraka utabaki. Kuizima kabisa ni powercfg /h off. Usiifute kwa mkono, haitakubali, inatumika muda wote.

Sasa mama, tupige hesabu maana wewe ni mtu wa hesabu. hiberfil na pagefile ni kama GB 8. Windows yenyewe na Office tuseme 30. Zako 2. Hiyo ni 40. Diski ni 119, iliyobaki ni 3. Kuna GB 70 na zaidi hazina maelezo, na haziko kwenye folda hizo zilizofifia. Kwenye hiyo kompyuta kuna akaunti ngapi?

Ingia Settings, System, Storage, bofya Show more categories, uangalie mstari wa Other people. Kisha shusha WizTree, ni programu ya megabaiti chache haitakula bando lako, uifungue kwa Run as administrator. Inasoma jedwali la diski moja kwa moja, kwa hiyo ukubwa wa folda unauona hata kama huruhusiwi kuifungua. Tuletee majibu. Usifute kitu.

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Bi. Katibu, fundi kamaliza mambo ya C:, mimi niongezee ya flashi, maana shuleni nilikuwa mtunza flashi za idara nzima.

Hiyo System Volume Information ndani ya flashi huandikwa na Windows pale unapoichomeka. Mara nyingi utakuta mafaili mawili tu, WPSettings.dat na IndexerVolumeGuid, ambayo yote mawili hayafiki hata KB 1. Haili nafasi, haizuii kaswida kuimba. Kwenye kompyuta huioni kwa kuwa ina zile alama mbili. Sabufa haina habari na alama za Windows, inaorodhesha kila inachokikuta. Ukiifuta itarudi siku utakapoichomeka tena. Ile ya kwenye C: na diski kubwa ni habari nyingine, ndimo zinamokaa nakala za kurudisha mashine nyuma ikiharibika.

Lakini kuna jambo linafanana na hili ambalo kweli ni kirusi, na huku kwetu linasambazwa na kompyuta za kuchapishia mitihani na barua. Unachomeka flashi, unakuta folda zako zote zimegeuka njia za mkato, kila moja ina kishale na ukubwa wa KB 1 au 2. Watu hulia kwamba mafaili yamefutwa. Hayajafutwa. Kirusi kimeyapa alama za H na S, mchezo ule ule wa Windows, kisha kikaweka njia za mkato zenye majina ya folda zako, ili ukibofya uwe umekiendesha chenyewe. Wakati mwingine hukusanya kila kitu ndani ya folda moja isiyo na jina linaloonekana, nayo ikafichwa.

Usibofye hata moja. Pima flashi kwanza kwa Windows Security au antivirusi uliyonayo. Kisha angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme G, uandike kwenye Command Prompt:

attrib -h -s -r /s /d G:\*.*

Hapo ndipo wengi hukwama. Ukiandika -h peke yake inajibu "Not resetting system file" na haifanyi kitu, kwa sababu S bado ipo. Na ukijaribu kwa Properties unakuta kiboksi cha Hidden kimepauka, hakibofyeki. Lazima zitoke pamoja. Folda zikirudi, futa zile njia za mkato. Na hiyo herufi G uiangalie mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, tafadhali. Amri hiyo ikielekezwa C: itafunua na kuvuruga alama ambazo Windows iliziweka kwa sababu zake.

Katibu wa Ujiji

Fundi, marahaba mwanangu. Mwalimu, asante sana, hiyo ya njia za mkato ilimpata mwekahazina wetu mwaka jana, tukaambiwa flashi imekufa tukanunua nyingine. Ya zamani bado iko kwenye droo, nitamwambia ailete.

Majibu ni haya. Akaunti zipo mbili, ya kwangu na ya kijana. Kwenye Storage, Other people inasoma GB 61. WizTree nayo inasema hivyo hivyo: Users, folda ya jina lake, Downloads, humo ndani folda ya Telegram Desktop peke yake ina GB 50 na zaidi. Kumbe mwenyewe alikuwa ananionyesha hiberfil!

Nilipojaribu kuifungua folda yake kwa njia ya kawaida nikaambiwa sina ruhusa kwa sasa, na kuna kitufe cha Continue. Sijakibofya.

Ila kuna kingine sikielewi. Ndani ya $Recycle.Bin WizTree inaonyesha folda zenye namba ndefu zinazoanza na S-1-5-21. Moja inaishia 1001, karibu tupu. Nyingine inaishia 1002, ina GB 7, na mafaili yake yana majina kama $RK4T9QZ.mkv. Mimi kapu langu la taka nalimwaga kila Ijumaa. Hizo saba zimetoka wapi?

Fundi Mwanga

Hahaha, mama umeshamaliza kesi mwenyewe.

Kapu la taka unaloliona kwenye uso wa kompyuta si moja kwa nyumba nzima. Kila mtumiaji ana lake, ndani ya $Recycle.Bin ya kila diski, limeandikwa kwa namba ya akaunti yake. 1001 kwa kawaida ni akaunti ya kwanza kutengenezwa, yaani wewe, na 1002 ni iliyofuata. Ukimwaga lako, la mwenzio haliguswi. Kijana alifuta filamu akadhani zimeondoka, nazo zimehamia chumba kingine cha diski ile ile.

Majina ya ajabu ni kawaida. Faili likienda kwenye kapu linavunjwa kuwa mawili: linaloanza na $R ndiyo filamu yenyewe, na kuna pacha wake anayeanza na $I, mdogo sana, anayetunza jina la mwanzo, lilikotoka na lini lilifutwa. Ukisema Restore, Windows inasoma pacha huyo kujua pa kulirudisha. Ndiyo maana sipendi watu waingie humo na kufuta kwa mkono, unaweza kuondoa $I ukaacha $R, nafasi ikabaki imeliwa na kapu likaonekana tupu.

Na umefanya vizuri kutobofya Continue. Hiyo si kuchungulia tu, Windows inakuandika kwenye orodha ya ruhusa ya folda ile moja kwa moja. Mwite mwenyewe aingie kwenye akaunti yake, aamue filamu zipi zinabaki, kisha amwage kapu lake. Baada ya hapo wewe ingia kwako, tafuta Disk Cleanup, chagua C:, bofya Clean up system files. Utapata na mabaki ya apdeti, hayo ni salama kuondoa kwa njia hiyo.

Ukimaliza rudisha tiki zote mbili kama zilivyokuwa. Na kwa kuwa ni Windows 10, ujue msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Hilo tuliongee siku nyingine, usichanganye na hili.

Kibirizi Boy

Kwa hiyo nikitaka kuficha folda yangu wadogo zangu wasiione, naipa H na S mchezo umekwisha?

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Kijana, umesoma mpaka chini ukaruka katikati. Mtoto wa Katibu aliondoa pazia hilo kwa tiki mbili akiwa njiani kwenda mpirani. Tengeneza akaunti tofauti kwa ajili ya wadogo zako, isiwe ya msimamizi, na yako uiwekee paswedi. Hapo ruhusa za NTFS ndizo zitakazowazuia. Hata hivyo anayejua kufungua mashine anaweza kuitoa diski na kuisoma kwenye kompyuta nyingine, kwa hiyo kama ni jambo zito, tafuta namna ya kuisimba diski, yaani isisomeke bila funguo.

Katibu wa Ujiji

Mrejesho. Kijana kaketi kuanzia adhuhuri hadi alasiri akichambua filamu zake kwa uchungu mkubwa. Kapu lake limemwagwa. hiberfil imeshuka hadi GB 1.6 baada ya amri ya fundi. Disk Cleanup imenipa GB 5 nyingine. desktop.ini zimetoweka baada ya kurudisha tiki, jirani kaniuliza kirusi nimekiua kwa dawa gani.

Excel inasevu. Yule wa elfu ishirini kapita jana kuuliza kama nimeamua, nimemuuzia lita mbili za mawese.

Limebaki moja. Filamu alizozikataa kufuta anataka kuzihamishia kwenye flashi ya GB 64. Nyingine zimeingia, tatu zinakataa, inasema faili ni kubwa mno wakati flashi ina nafasi tele. Ndiyo zile ruhusa tena?

Fundi Mwanga

Hapana mama, hiyo siyo ruhusa. Flashi hiyo iko kwenye FAT32, na FAT32 haipokei faili moja lenye GB 4 au zaidi hata flashi ikiwa tupu. Arudishe kwanza kwenye kompyuta zile zilizokwisha kuingia kwenye flashi, kisha abofye kulia kwenye flashi, Format, achague exFAT, aanze upya. Ila aulize kwanza kama sabufa yenu inasoma exFAT, nyingi za bei ya chini hazisomi. Ile ya kaswida iacheni kama ilivyo.